Siku Moja Gerejini Mbale: Matairi, Springi na Kona za Kapchorwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukingo wa Wanale, huwa nimekwisha kufungua mlango wa gereji yetu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, na kazi yangu ya kwanza ni kukilinganisha kipimo changu cha upepo wa matairi na kile cha akiba. Kipimo kinachodanganya kwa pauni 5 tu kwa kila inchi ya mraba kinaharibu kila neno nitakalomwambia mteja hadi jioni, kwa hiyo siianzi siku bila kukihakiki. Mimi hushughulika na sehemu ya chini ya gari peke yake: matairi, springi, shokomzoba (zinazotuliza mruko wa springi), bushi (vipande vya mpira kwenye viungo), na kuyalinganisha magurudumu ili yatazame yanakopaswa kutazama. Baba yangu alifanya kazi ya reli kule Tororo, na Kiswahili tulicholelewa nacho ndicho ninachokitumia kazini, kwa kuwa anayeshuka kutoka Sebei, anayetoka Busia na anayetoka Soroti wote hukutana katika lugha hiyo mbele ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Wengi huja na magari madogo yenye mlango mkubwa nyuma, yale yanayoitwa hachibeki, ambayo injini yake inavuta magurudumu ya mbele. Nayapenda magari hayo. Yana busara katika muundo wake, lakini yana tabia ambayo dereva asipoielewa, kona moja yenye maji inaweza kumfundisha kwa ukali.

Saa moja na nusu alifika mwalimu mmoja wa Kapchorwa, huko mlimani, na Toyota Vitz yake.

"Fundi, usukani wangu umeharibika," alisema hata kabla ya kuzima injini. "Jana nilikuwa ninashuka kutoka Sipi, mvua inanyesha. Nikaingia kona, nikaona nimeenda kasi, nikaachia mafuta, yaani nikaondoa mguu kwenye pedali. Mkia wa gari ukatoka ukataka kunipita. Nimekuja na fedha za kubadilisha usukani."

"Pole sana, Mwalimu. Ulipona kwa nini?"

"Kwa Mungu, na kwa kuwa hapakuwa na lori."

Nilimwomba anipe dakika kumi kabla hatujagusa usukani. Sikuinua gari. Nilichuchumaa nyuma yake, nikaupitisha mkono juu ya tairi la kulia, nikajua. Matairi ya nyuma yalikuwa yamekwisha hadi usawa wa zile alama ndogo zilizomo ndani ya mifereji, ambazo hutokea juu meno ya tairi yanapobaki milimita 1.6, na ubavuni mwa moja niliisoma namba 3512, maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012. Mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Mbele, matairi mawili yalikuwa mapya kabisa. Alikuwa ameyanunua mwezi uliopita, na aliyemfungia alimwambia kwamba mapya huwekwa mbele kwa sababu mbele ndiko kwenye kazi.

Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na ndiyo maana yanaenea. Ni kweli kwamba katika gari la aina hii matairi ya mbele huvuta, hupinda na hubeba sehemu kubwa ya breki, tena juu yake hukaa zaidi ya nusu ya uzito wa gari. Lakini tairi la nyuma lina kazi yake ambayo haionekani mpaka lishindwe: kulizuia gari lisizunguke. Mwalimu alipoachia mafuta katikati ya kona kwenye mteremko, uzito ulisogea mbele, matairi mapya yakakandamizwa barabarani yakashika zaidi, na yale ya nyuma, ambayo tayari yalikuwa hayana mifereji ya kuyatoa maji, yakapunguziwa hata ule uzito mdogo yaliokuwa nao. Mbele kulipinda, nyuma kukaendelea kwenda kulikokuwa kukienda. Mbele kukiteleza, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, gari linanyooka, na akipunguza mwendo taratibu hulirudisha. Nyuma kukiteleza, wengi wetu hatuna mikono ya haraka kiasi hicho. Kwa hiyo mwenye matairi mawili mapya huyaweka nyuma, na watengenezaji wakubwa wa matairi hushauri hivyo hivyo.

Kijana anayejifunza kazi kwangu aliuliza kwa nini basi usukani haukuhusika hata kidogo. Nilimwambia aweke kiganja chake sakafuni. Gari la kilo 1,000 likigawanywa juu ya magurudumu manne, na kila tairi likiwa na upepo wa pauni 32 kwa kila inchi ya mraba, hesabu ya karibu inatoa kipande cha mpira cha sentimita za mraba kama 110 kinachogusa lami kwa kila gurudumu. Ni kiganja kimoja cha mtu mzima. Usukani, springi, shokomzoba, bushi na fremu yote ya gari hufanya kazi moja tu kwenye kona, nayo ni kuvikandamiza viganja hivyo vinne vizuri juu ya barabara. Kiganja chenyewe kikiwa kibovu, hakuna chuma kitakachokiokoa. Na ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaingia kona ile ile kwa 60, nguvu inayohitajika kulipindisha gari haiongezeki kwa nusu, inakuwa mara 2.25 ya ile ya kwanza, na yote inatoka kwenye viganja hivyo hivyo.

Baada ya hapo ndipo nililiinua gari. Shokomzoba ya nyuma kushoto ilikuwa imevuja mafuta. Watu wengi huipima shokomzoba kwa kuibonyeza pembe ya gari na kuhesabu inaruka mara ngapi, lakini mimi siutegemei upimaji huo peke yake, kwa maana shokomzoba iliyochoka nusu huweza kuufaulu. Ninaangalia mafuta, na ninaangalia tairi lenyewe: likiwa limeliwa kwa vishimo vishimo kulizunguka, ujue limekuwa likirukaruka barabarani, na tairi lililo hewani hata kwa sehemu ndogo ya sekunde halishiki chochote.

Fedha alizozitenga kwa ajili ya usukani zilitosha matairi mawili ya kipimo kile kile cha 165/70R14 na shokomzoba mbili za nyuma, kwa kuwa upande mmoja haubadilishwi peke yake. Mwalimu alikaa kimya akihesabu, kisha akasema, "Fanya hivyo, fundi."

Saa nne tulikunywa chai na chapati.

Saa tano alikuja mfanyabiashara akitaka hachibeki yake iinuliwe kwa vipande vya kuweka juu ya springi, maana barabara ya kwao ina mashimo na mawe yanagonga chini. Ombi hili ninalipata kila wiki, na silidharau, kwa sababu shida yake ni ya kweli. Lakini nilimweleza anachokinunua. Mwili wa gari ukipanda, kitovu cha uzito nacho kinapanda, na kwenye kona uzito mwingi zaidi unahamia magurudumu ya upande wa nje. Tairi la nje likibebeshwa mzigo mara mbili halishiki mara mbili, hushika pungufu ya hapo, wakati lile la ndani limekwisha kupoteza lake, na jumla ya mshiko wa gari inashuka. Pia fimbo za usukani zinabaki zimeinama, na mtazamo wa magurudumu ya mbele unabadilika, kwa hiyo anayeinua gari bila kulilinganisha upya atayala matairi yake ndani ya miezi michache. Tulikubaliana juu ya kipande chembamba na ulinganishaji baada yake. Anayekuja akitaka springi zikatwe ili gari lishuke, huyo ninamkatalia moja kwa moja. Springi iliyokatwa inafika mwisho wa safari yake mapema, na ikigonga kizuizi cha mwisho huo katikati ya kona, mzigo unaliangukia tairi ghafla na mshiko unakatika.

Saa saba swala, kisha wali na maharage.

Saa nane Hajati mmoja alileta gari linaloyumba kwenye barabara ya kwenda mji wa Kumi. Upepo wa mbele ulikuwa pauni 46. Kituoni walikuwa wamejaza bila kuuliza. Niliurudisha kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, akazunguka mtaa mara moja, akarudi akitabasamu. Sikumtoza kitu.

Saa tisa nililirudia gari la mwalimu ili nilinganishe magurudumu. Mbele kuna mguu wa aina ya MacPherson, wenye springi na shokomzoba pamoja, unaobeba jina la mhandisi wa Marekani aliyeubuni katika miaka ya 1940, na nyuma kuna boriti moja ya chuma inayounganisha magurudumu mawili na kukubali kujisokota kidogo. Muundo huo wa boriti ulienezwa na Volkswagen Golf ya mwaka 1974, nao ni rahisi, mwepesi, na unaacha nafasi ya mizigo. Udhaifu wa mguu wa mbele ni kwamba gari linapolala upande kwenye kona, tairi la nje nalo linalala kwenda nje na kusimama juu ya bega lake, ndiyo maana matairi ya mbele ya madereva wa milimani hulika ukingo wa nje. Fimbo ya stabilaiza hupunguza kulala huko, ila ina gharama yake: ikikazwa sana mbele, gari linakataa kupinda, na ikikazwa sana nyuma, mkia unakuwa mwepesi. Wale waliowahi kuona picha za Golf GTI ya mwaka 1976 ikikata kona kwa kasi watakumbuka gurudumu la nyuma la ndani likining'inia hewani. Hapo nyuma kumekazwa ili mbele kupinde vizuri, na dereva anayejua anafurahi. Kwa mwalimu anayepeleka watoto shuleni sitabadilisha hata kidogo mizani ya kiwandani. Bushi za mikono ya mbele zilikuwa nzima, mtazamo wa magurudumu ulikuwa umetoka nje kidogo, nikaurudisha karibu na sifuri.

Saa kumi tuliondoka pamoja, yeye akiendesha, kwa sababu sitaki kumkabidhi mtu gari ambalo sijalihisi likipinda. Tulipita Sironko kwa mwendo wa kawaida. Baada ya Muyembe, lami inapoanza kupanda mabega ya Mlima Elgon, mvua ilianza. Nilimwomba apande kona chache, ageuze, kisha ashuke kwa gia ya pili, apunguze mwendo akiwa bado kwenye sehemu iliyonyooka, na akishaingia kona aushike mguu wake wa mafuta mahali pamoja bila kuukatiza. Kwenye kona ya kwanza aliushika usukani kwa vidole vilivyokakamaa. Kwenye ya tatu nilimwambia aachie mafuta kidogo, polepole, kwa makusudi. Pua ya gari iliingia ndani ya kona kwa kiasi cha upana wa kiganja, na mkia ukaifuata. Aliachia pumzi aliyokuwa ameizuia.

"Jana kona hii hii ndiyo ilinitupa," alisema.

Tulisimama pembeni ili nipime upepo. Matairi yaliyotoka gerejini yakiwa na pauni 32 sasa yalisoma 35, na alitaka kutoa ile iliyozidi. Nilimzuia. Ni joto la safari, na akiipunguza sasa, kesho alfajiri kule Kapchorwa kwenye baridi atakuwa na upepo pungufu na mbavu za tairi zitalegea. Nilimwachia kipimo changu cha akiba, nikamwonyesha jinsi ya kukisoma kabla gari halijatembea, tukaagana. Nilisimama barabarani kusubiri matatu ya kunirudisha Mbale, nikilisikiliza gari lake likipanda: kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila mlio wa tairi.