Korido inageuka maktaba: tulipofika na rafu za nyumbani, Kisumu

Uamuzi umeshapita: rafu kubwa inakaa koridoni, si sebuleni. Dirisha la sebule yetu linatazama magharibi, na hapa Kisumu, hatua chache tu kutoka ikweta, jua la alasiri halina pa kukwepea. Kuanzia saa tisa linaingia moja kwa moja na kupiga ukuta wa mkabala, ule ule ambao kila mgeni hutuonyesha kwamba ndipo pa vitabu. Migongo ya vitabu ingepauka yote. Ukuta wenye dirisha nao hauguswi na jua kwa ndani, lakini ni wa nje, na mvua ya masika ikija na upepo, ukuta huo hunywa maji. Kitabu kilichoegemea hapo huota ukungu kwa nyuma, pasipoonekana.

Korido ina kuta za ndani pande zote mbili. Upana wake ni sentimita 120. Rafu yenye kina cha sentimita 24 inabeba hata kitabu cha ukubwa wa A4, na njia inayobaki inamtosha mtu aliyebeba beseni la nguo. Tumekomea kabla ya mlango wa bafu, kwa sababu ya mvuke.

Ila kwangu mimi sababu kubwa ni nyingine. Koridoni kila mtu anapita: watoto wakienda kulala, baba yao akitafuta chaja, mama mkwe akija kutusalimia. Kitabu kinachopitwa kila siku, iko siku kitavutwa. Sikutaka chumba cha kusomea chenye mlango wa kufungwa, hata kama nafasi ingekuwepo.

Mbao nimeachia fundi wa Kibuye. Tulivutana kidogo kuhusu urefu wa rafu. Yeye alitaka futi nne.
“Mama, futi nne zinapendeza macho,” akaniambia.
“Fundi, mita moja ya vitabu inaweza kupita kilo ishirini na tano. Baada ya mwaka itakuwa imepinda.”
Akanyamaza, akachukua penseli, akapiga hesabu juu ya blokibodi yenyewe, ule ubao wa kiwandani uliojazwa vipande vya mti ndani. Bodi ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18: ukiikata vipande vya sentimita 80 kufuata urefu wake, kina sentimita 24, unapata rafu kumi na tano na takataka kidogo sana. Kufuata urefu ni muhimu, maana ndani ya blokibodi vipande vya mti vimelala upande huo, na ndivyo vinavyobeba uzito. Kisha akaongeza la kwake, ambalo nimelipenda mno: ubao mwembamba wa saiprasi, sentimita 4, ugundishwe kwenye ukingo wa mbele wa kila rafu. Unaficha tabaka za bodi na unazuia kupinda.

Rafu za watoto zimeshakamilika. Ziko chini, usawa wa kifua cha kitinda mimba, na vitabu vimesimama majalada yakitazama mbele, kwa kuwa asiyejua kusoma huchagua kwa picha. Tangu ziwekwe anajihudumia mwenyewe, ananiletea kitabu na kunikalia mapajani bila kuomba ruhusa. Vitabu vya shule tumevitenga kando ya meza ya chakula. Kazi ya nyumbani hufanyiwa hapo, kuvipeleka kwingine ni kujisumbua.

Taa ya koridoni nimebadilisha, nikaweka balbu ya mwanga wa manjano. Ile nyeupe ilifanya pafanane na hospitali.

Kilichobaki kwa rafu za koridoni: kupiga msasa, kupaka vanishi mara mbili, kisha kuziacha zikauke vizuri na harufu iishe kabla ya kupanga chochote. Fundi anakuja Jumamosi na drili kufunga fremu ukutani kwa vyuma vya pembe, juu kabisa. Tuna mtoto anayepanda kila kitu, kwa hiyo hakuna kitabu kitakachowekwa kabla ya skrubu hizo kuingia.