Rasiberi za Dada

Mafua makali yaliyompata dada yangu yaliondoka baada ya wiki mbili, lakini yaliondoka na harufu zote. Miezi mitano mizima hakusikia chochote. Kahawa kwake ilikuwa maji ya moto yenye uchungu. Siku moja aliunguza sufuria ya wali akiwa amekaa hatua chache tu kutoka jikoni, na alishtuka pale moshi ulipomwingia machoni. Ulimi ulikuwa mzima: chumvi aliijua, sukari aliijua, uchachu na uchungu pia. Yaliyobaki, yale tunayoyaita ladha ya embe au ladha ya mdalasini, kumbe ni kazi ya pua.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nilihangaika sana. Kumpikia chakula kizuri niliona ni kumtonesha kidonda. Ndipo nikakumbuka kinywaji alichokuwa akikisifia zamani, kokteli ya rangi ya waridi aliyowahi kuinywa mara moja tu. Alikuwa akiieleza kwa vidole, akigusa mdomo wa juu: "Lile povu, mdogo wangu. Unameza, lakini lenyewe linabaki hapa."

Inaitwa Clover Club. Jina limetokana na klabu ya wanaume ya Philadelphia, Marekani, wanasheria na waandishi na wenye biashara zao, walioanza kukutana miaka ya 1880 na baadaye wakawa wanakula chakula cha jioni katika hoteli ya Bellevue-Stratford. Ndani yake mna jin, maji ya limau, shira ya rasiberi na ute mweupe wa yai. Wengine huongeza kidogo vermuti kavu, yaani divai iliyotiwa mimea ya harufu, isiyo tamu. Baadaye wengi waliacha rasiberi wakatia grenadini, shira nyekundu ya komamanga, na kwa maoni yangu hapo ndipo kinywaji kilipoharibika, kikabaki rangi tupu.

Nilikichagua kwa sababu povu halihitaji pua. Midomo hulisikia. Limau ni la ulimi, sukari ni ya ulimi, baridi ni ya mdomo mzima. Jin ndiyo ingepotea, maana harufu ya mreteni, vitunda vinavyotiwa ndani ya pombe hiyo, ndiyo roho yake, lakini nilijiambia kwamba hata mambo matatu kati ya manne yangemtosha dada kwa jioni moja.

Sikumwambia mtu. Rasiberi nilizificha nyuma kabisa ya friji, na asubuhi ile nikafunga mlango wa jikoni.

Ukiishika rasiberi karibu na jicho utaona kwamba si tunda moja. Ni vitunda vingi vidogo vilivyoshikana, kila kimoja na mbegu yake, na katikati pana tundu, kwa sababu kile kiini kilichovibeba hubaki kwenye mti tunda linapochumwa. Ndiyo maana hupondeka upesi hivyo. Nilipima gramu 250 za rasiberi na gramu 250 za sukari, nikazibonyeza kwa mgongo wa kijiko, nikafunika bakuli, nikaondoka. Sikupika. Shira ya rasiberi ikipikwa sana hunuka jamu. Sukari yenyewe huvuta maji kutoka kwenye tunda, na kufika alasiri ile chenga nyeupe ilikuwa imekwisha yote, imebaki shira nyekundu nzito yenye nyama ya tunda ikielea.

Nikaanza kuchuja. Kazi hii haitaki haraka, kwani mbegu huziba chujio, na inabidi usugue taratibu, ugeuze, usugue tena. Nikiwa katikati, nikasikia sauti ya dada kutoka ukumbini.

"Unachuja rasiberi?"

"Ndiyo," nikajibu, "ila usiingie."

Nyayo zake zikaondoka. Nikamaliza kuchuja, nikakamua limau, nikachukua yai. Nilikuwa nimetafuta mayai yaliyokwisha kupashwa moto wa kuua vijidudu ndani ya ganda lake, maana sikutaka kumpa yai bichi la kawaida mtu aliyetoka kuugua. Nikaligonga yai ukingoni mwa chombo cha kutikisia, nikaligawa ganda, nikaanza kuhamisha kiini kutoka nusu hii kwenda nusu ile. Hapo ndipo maneno yake yakanifikia sawasawa. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyemwambia habari za rasiberi.

Mkono ulitetemeka, kiini kikapasuka, uzi wa manjano ukateremkia ndani.

Nilitikisa hivyo hivyo, bila kufikiri. Povu lilipanda kidogo likalala, kwa sababu mafuta ya kiini huzuia ute kushika hewa. Nikamwaga. Safari hii nilivunja yai juu ya kikombe pembeni, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo, nikahakikisha ute ni safi ndipo nikautia. Mililita 60 za jin, 20 za limau, 20 za shira. Kwanza nilitikisa bila barafu, kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwani ute wa mayai ya namna ile huchelewa kuumuka. Kisha nikatia barafu, nikatikisa tena mpaka chombo kikanata vidoleni kwa baridi. Nikachuja kwenye glasi yenye mguu. Mwanzoni kinywaji chote kilikuwa waridi, halafu kikajitenga polepole machoni pangu, chini chekundu na juu povu jeupe lililokaza, nene kama unene wa kidole.

Nikampelekea sebuleni. Sikumuuliza kitu. Niliogopa kwamba nikiuliza, kile nilichokisikia kitageuka kuwa sadfa tu, kwamba labda alikuwa ameziona kwenye friji.

Alishika glasi kwa mikono miwili, akainama juu ya povu, akavuta pumzi. Akafumba macho. Akavuta tena.

"Limau silisikii," akasema. "Wala jin. Rasiberi tu. Hata kule ukumbini nilidhani ninaota."

Kisha akaiweka glasi mezani bila kuionja, akainuka, akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amesimama kwenye sinki, ameliinua chujio lenye mbegu mpaka usoni, pua ikiwa ndani ya zile mbegu nyekundu, mabega yakipanda na kushuka. Alikaa hivyo muda mrefu. Nami nilisimama mlangoni, nikamwacha avute pumzi kadiri alivyotaka.