Kabla hujarudi Dar, acha hesabu ya mchele, piga hesabu ya ugonjwa

Tangu nirudi, wenzangu walioko Leicester, Reading na Milton Keynes wananiuliza jambo lile lile: "Dada, familia ya watu wanne Dar, milioni mbili kwa mwezi inatosha?" Wameshapitia zile tovuti za kulinganisha miji, wameona bei ya mkate, nauli na kodi ya nyumba, wameridhika kwamba Dar ni nafuu mara nyingi kuliko Uingereza. Sasa wanamtafuta mtu aliye huku awaambie ndiyo, wakate tiketi.

Ndiyo, inatosha. Inatosha vizuri kabisa, mwezi ambao hakuna aliyeugua.

Chakula nakipita haraka kwa sababu sijamwona aliyerudi akashindwa na chakula. Samaki wa Feri, mchicha, ndizi, maembe ya msimu, vyote vipo, na ukienda sokoni mwenyewe badala ya kuzoea supamaketi utakula vizuri kuliko ulivyokula huko. Umeme una ngazi zake: anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, anayevuka hapo mara kwa mara ni shilingi 292 kabla ya kodi na makato. Ukifunga viyoyozi na hita za maji ili uishi kama ulivyozoea, hiyo shilingi 100 utaisikia kwa majirani tu.

Nyumba ndiyo inayowashtua wengi siku ya kwanza. Nilitajiwa laki sita kwa mwezi, vyumba vitatu, Sinza, nikaona nafuu. Dalali akamalizia: kodi ya miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa kwake. Milioni nne na laki mbili kwa siku moja, kabla sijanunua hata godoro. Uingereza nilizoea kulipa mwezi kwa mwezi na dhamana kidogo. Huku njoo na fungu la nusu mwaka mkononi. Na ukitajiwa kodi kwa dola kule Masaki au Oysterbay, kumbuka kwamba kanuni zilizotoka mwaka 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Dai shilingi.

Na hiyo Sinza yenyewe, jamani. Sisi tuliokulia pale tunaijua: nyumba za chini, uwanja mbele, mwembe, watoto wanacheza rede mpaka wanaitwa kuoga. Leo kila uwanja umegeuzwa fremu za maduka. Fremu ya saluni, fremu ya miamala, fremu ya vipodozi, fremu ya chipsi, mpaka lango la nyumba limebaki kichochoro. Siwalaumu wenye nyumba, fremu inasomesha watoto wao. Lakini sikujiandaa kuona mtaa mzima hauna mahali pa kukaa bila kununua kitu, na iliniuma.

Hayo yote niliyazoea kwa muda. Ambalo sijalizoea mpaka leo ni hospitali.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodini Uingereza miaka mingi, na wagonjwa wa kisukari nimewahudumia mpaka najua ratiba yao bila kuisoma: kipimo cha sukari ya miezi mitatu, figo, macho, miguu, mafuta ya damu, shinikizo la damu. Mgonjwa anaitwa kwa barua au ujumbe wa simu, anakuja, anapimwa, anarudi kwake. England dawa ya cheti kwa anayelipia ni pauni 9.90 kwa kila aina, lakini mwenye kisukari anayetumia dawa ana cheti cha msamaha, halipi hata hiyo. Nilikuwa nalalamikia makato ya mshahara kama wenzangu wote: kodi ya mapato, mchango wa Bima ya Taifa, halafu nyumbani kodi ya halmashauri. Zile fedha zilikuwa zikilipia siku mbaya za watu wote, na yangu ikiwamo.

Mama yangu ana kisukari na presha. Nikiwa kule nilikuwa natuma fedha za dawa kila mwezi, na kila nilipopiga simu nilijibiwa, "Naendelea vizuri, mwanangu." Niliporudi nikafungua kabati lake. Vidonge vya presha alikuwa akimeza siku moja, akiruka siku moja, ili boksi lifike mwisho wa mwezi. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu hakijawahi kuandikwa katika daftari lake hata mara moja. Mashine ya kujipimia ilikuwepo, vijiti vimeisha zamani. Boksi la vijiti 50 haliishi mwezi kwa anayepima mara mbili kwa siku, na boksi hilo hakuna anayelitaja mnapopanga fedha za mama. Fedha nilizotuma zilikuwa za dawa. Hazikuwa za kumwona daktari, za vipimo, za bajaji ya kwenda na kurudi, wala za mjukuu aliyetakiwa kurudi shule wiki hiyo hiyo, na mama yeyote ninayemjua angemlipia mjukuu kwanza.

Kisha ukaja mguu. Kidonda kidogo kidoleni, cha kiatu, ambacho mimi kwa kazi yangu nilijua maana yake. Usiku ulipovimba tukaikimbilia hospitali binafsi iliyokuwa karibu. Mapokezi walikuwa na adabu, sina la kuwasema kwa hilo. Wakauliza bima. Hana. Wakataja malipo ya awali kabla ya kitanda, na kiasi kilikuwa zaidi ya ile milioni mbili mnayoniuliza. Nilikuwa nayo. Nikalipa kwa simu, nikapelekwa dirisha jingine kulipia vipimo, kisha jingine kulipia dawa, wakati mama amekaa kwenye kiti cha magurudumu ameshika kanga yake mdomoni kwa maumivu. Pembeni yangu alikuwa kaka mmoja na baba yake. Alipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, akiomba. Niliwaacha pale.

Madaktari wetu wanajua kazi yao, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Mguu wa mama uliokolewa. Muhimbili wamekuwa wakipandikiza figo tangu mwaka 2017, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015 inafanya upasuaji ambao zamani ulikuwa na maana ya safari ya India. Ninyi mlioondoka zamani mkidhani nyumbani hakuna tiba, mmepitwa. Tiba ipo. Inauzwa kipande kwa kipande, siku hiyo hiyo, na muuguzi anayekuhurumia hana uwezo wa kukukopesha.

Mtaniambia, si umkatie bima. Nilianzia huko. Kampuni binafsi nilizoziulizia zilikataa mwanachama mpya wa umri wake, na zilizokubali umri ziliweka kando kisukari na presha, yaani zilikubali kumlipia kila kitu isipokuwa anachoumwa. Kadi nayo si mwisho wa maneno: Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake, na watu waliozoea kadi wakarudi kwenye fedha taslimu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ifuatilieni, uliza unaingizwaje wewe na wazazi wako, na fanya hivyo ukiwa bado na mshahara wa huko. Hospitali za serikali zina msamaha kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na utaona bango la kuwapisha wazee wahudumiwe kwanza. Mama amepita dirisha hilo na wamemwona vizuri. Ila dawa ikikosekana ndani unaandikiwa, unatoka nje, unanunua duka la dawa.

Kinachoziba pengo hilo ni ukoo. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, orodha inapandishwa: fulani elfu ishirini, fulani hamsini. Nimeliona likiokoa watu, nami naliheshimu. Lakini wewe uliyerudi jina lako litawekwa juu ya orodha kabla hujaulizwa. "Si ametoka Ulaya?" Katika mwaka utakuwa na magonjwa ya ndugu, misiba, na kadi za michango ya harusi, na hakuna hata moja linalosubiri mwisho wa mwezi. Ndiyo maana naikataa hesabu ya milioni mbili. Mimi naweka fungu la ugonjwa pembeni, benki tofauti, sawa na matumizi ya miezi mingi, na fungu hilo haliguswi kwa ujenzi wala kwa biashara ya mtu. Ambaye hana fungu hilo namwambia wazi abaki kwanza huko, afanye zamu zake, alijaze.

Watoto: shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazina ada tangu mwaka 2016, lakini najua wengi wenu mtapeleka Inglishi midiamu, kwa sababu Kiswahili cha watoto wenu cha kuandikia hakipo. Ada mtaiulizia wenyewe. Ulizeni basi linapita saa ngapi. Ukikaa Goba au Madale na shule iko mjini, mtoto wa darasa la pili anaamshwa saa kumi na nusu, anasinzia kwenye kiti cha basi kwenda na kurudi. Hilo nililipinga nyumbani kwangu, tukachagua shule kwanza, kisha nyumba ambayo mtoto anakwenda shule kwa miguu. Tunalipa kodi ya nyumba zaidi, na watoto wanalala.

Na mazuri yapo, nisije nikaonekana nakufukuzeni. Wanangu wanakula na bibi yao. Dada anayetusaidia kazi analipwa vizuri na anakwenda likizo, nami nina jioni, kitu ambacho kule baada ya zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili sikuwa nacho. Jirani akisikia kikohozi anagonga mlango. Hayo hayamo kwenye tovuti yoyote, na kwangu ni makubwa.

Mambo mawili ya makaratasi kwa wanaotoka Uingereza. Pensheni ya serikali ya kule inahitaji angalau miaka 10 ya michango ili upate chochote, na 35 kwa kawaida ili upate kamili. Kamili kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Lakini ukiishi Tanzania haipandishwi kila mwaka kama kwa aliyebaki, kwa sababu hakuna mkataba kati ya nchi hizi mbili: utakachoanza nacho ndicho utakachozeeka nacho, na bei za vidonge hazitakusubiri. Pensheni ya kazini ya sisi wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya kule, ni tofauti, yenyewe hupanda popote uishipo, kwa hiyo msiitoe wala kuivunja kwa haraka. La pili, mwenye ukaazi wa kudumu tu, bila uraia, akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, ukaazi huo unakufa. Wazee wenu wasiwaambie "rudi, kule utakwenda tu ukitaka."

Na kama una gari ulilolimiliki na kulitumia kule kwa angalau miezi 12, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamia kurudi kuingiza moja bila ushuru. Weka kadi ya gari, bima na uthibitisho wa makazi yako tangu sasa. Mimi yangu niliiuza, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa fungu la ugonjwa usiku ule wa mguu wa mama.