Injini Baridi Haifichi

Mtu anayetafuta gari la kasi lililotumika huanza karibu kila mara kwa kuuliza limetembea kilomita ngapi, na muuzaji naye huitanguliza idadi hiyo kwenye tangazo kana kwamba inamaliza mjadala. Kwa gari la kawaida la familia swali hilo lina uzito wake. Kwa gari ambalo injini yake imebuniwa kuzunguka mara 8,000 kwa dakika, idadi ya kilomita hueleza kidogo mno, kwa sababu safari ndefu za barabara kuu, oili ikiwa imeshapata moto, haziichoshi injini kama vile tabia ya kuikanyaga mara tu baada ya kuiwasha. Ndiyo maana ninapoombwa na rafiki nimsindikize kuangalia gari la aina hiyo, ninachotaka kujua kwanza ni jinsi lilivyopashwa moto na jinsi lilivyobadilishwa oili, na kwa bahati nzuri mambo hayo mawili huacha alama ambazo muuzaji hawezi kuzifuta kwa kitambaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya S54 iliyomo ndani ya BMW M3 ya kizazi cha E46 ina silinda sita na ujazo wa lita 3.2, na kila pistoni husafiri milimita 91 kutoka chini hadi juu. Inapofika mizunguko 8,000 kwa dakika, wastani wa mwendo wa pistoni hiyo ni kama mita 24 kwa sekunde, ilhali katika kila mzunguko inalazimika kusimama kabisa mara mbili na kugeuza mwelekeo. Nguvu inayoivuta konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki ambayo ni shafti kuu ya injini, huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko, kwa hiyo kutoka 4,000 hadi 8,000 mzigo hauongezeki mara mbili bali mara nne. Kinachozuia chuma kisikutane na chuma kwenye beringi za konrodi ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele, na utando huo hukaa mahali pake ikiwa tu oili ina mnato unaofaa na joto linalofaa. BMW iliichagulia injini hiyo oili ya 10W-60, tena ikaweka kwenye geji ya mizunguko taa zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata moto, ili dereva ajue mpaka wake wa wakati huo. Mwenye gari asiyeweza kukueleza taa hizo ni za nini amekwisha kukupa taarifa muhimu kuliko usomaji wa odomita, yaani geji ya kilomita.

Ombi langu la kwanza kwa muuzaji, kabla hata ya kupanga saa ya kukutana, ni kwamba gari lisiwashwe siku hiyo mpaka nifike. Nikifika naweka kiganja karibu na injini na karibu na bomba la moshi. Kukiwa na vuguvugu, naomba kwa adabu turudi siku nyingine, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huwa imemeza nusu ya maovu yake: cheni zimekwisha kukazwa na presha ya oili, pistoni zimetanuka zikajaza silinda, na moshi wa mwanzo umekwisha kupeperuka. Injini ikiwa baridi kweli, nafungua kifuniko cha oili na cha maji ya kupoza, naangalia kama kuna utelezi mweupe kama maziwa, nanusa kama oili ina harufu ya petroli, na kuchunguza kama maji yana rangi moja safi au ni mchanganyiko wa aina mbili zilizogandiana. Kiwango cha oili nacho hupimwa, ingawa hapa mtu asikurupuke: Porsche 911 za kupozwa kwa hewa, kama 964 na 993, huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, na kiwango chake husomwa injini ikiwa imepata moto, inaunguruma, na gari limesimama mahali tambarare. Kuna watu wamezijaza kupita kiasi kwa kuzipima zikiwa baridi.

Kisha gari linawashwa, mimi nikiwa nje karibu na injini, mwenzangu akiwa ndani akitazama taa ya oili. Mtikisiko mdogo wa cheni unaokwisha ndani ya sekunde chache, presha ya oili ikishapanda, huwa haunisumbui sana. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ya injini na unaofuata mizunguko inapopanda ni jambo jingine kabisa, na mlio wa aina hiyo ukithibitika mazungumzo ya bei huwa yamekwisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe wenye harufu tamu usiotoweka hata injini ikipata moto ni maji ya kupoza yanayoingia mahali yasipotakiwa. Hata hivyo rangi peke yake haitoshi. Injini ambazo silinda zake zimelala, kama za Porsche, zinaweza kutoa wingu la bluu kwa muda mfupi baada ya kusimama siku kadhaa kwa kuwa oili hutiririka kidogo ikapita ringi za pistoni. Wingu likitoweka haraka na lisirudi, ni maumbile ya injini hiyo na si ugonjwa.

Baada ya hapo ndipo ninapoanza kudai mambo ambayo wauzaji wengi huyaona ni usumbufu, na la kwanza ni chujio la oili. Chujio likikatwa na karatasi yake ikakunjuliwa chini ya mwanga mzuri, na sumaku ikapitishwa juu yake, mtu anajua kama kuna vipande vya chuma au vimetameta vyenye rangi ya shaba kutoka kwenye beringi. Kwa Porsche 911 ya kizazi cha 996 na Boxster ya kizazi cha 986 kazi hii si ya hiari. Injini zao za M96 zina shafti ya kati inayoshikiliwa na beringi ambayo sifa yake mbaya inajulikana duniani kote. Beringi hiyo ikivunjika, taimingi hupotea, valvu hugonga pistoni, na injini nzima huwa chakavu kwa muda usiozidi pumzi moja. Beringi hiyo hubadilishwa vizuri wakati klachi inapobadilishwa, kwa kuwa gia huwa imekwisha kushushwa, hivyo risiti ya klachi isiyotaja beringi hiyo hunifanya niulize maswali zaidi. Turbo na GT3 za kipindi hichohicho hazihusiki, kwa sababu zilitumia injini nyingine ya ukoo wa ile iliyosanifiwa na Hans Mezger.

Sampuli ya oili kupelekwa maabara ni hatua nyepesi ambayo watu huiruka bila sababu. Maabara hupima kiasi cha metali kilichomo, na kila metali ina asili yake: chuma hutoka kwenye silinda, kamshafti na cheni, alumini hutoka kwenye pistoni, shaba na risasi hutoka kwenye beringi, silikoni mara nyingi ni vumbi lililopita kwenye chujio la hewa, na sodiamu au potasiamu huashiria maji ya kupoza. Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba oili iliyobadilishwa wiki iliyopita haina la kusema. Muuzaji anayejigamba kwamba amebadilisha oili makusudi kwa ajili ya mauzo anadhani amenifurahisha, kumbe amemwaga ushahidi.

Kipimo cha mgandamizo, yaani jinsi kila silinda inavyoibana hewa, kila fundi anakijua, lakini hufanywa ovyo mara nyingi. Injini iwe na joto, plagi zote zitolewe, petroli na umeme wa plagi vikatwe, betri iwe na nguvu, na pedali ikanyagwe mpaka chini ili hewa iingie bila kizuizi. Katika matokeo, tofauti kati ya silinda moja na nyingine hunishughulisha kuliko namba yenyewe. Tofauti ikizidi asilimia 10 naanza kutia shaka. Hata hivyo mimi huamini zaidi kipimo cha uvujaji, ambapo hewa ya kompresa huingizwa ndani ya silinda pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha husomwa ni asilimia ngapi inatoroka. Uzuri wake ni kwamba hewa inayotoroka husikika: ikisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea haikai vizuri, ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia, ikisikika kwenye kifuniko cha oili, ni ringi za pistoni, na yakionekana mapovu kwenye maji ya kupoza, ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka. Injini za rotari, ambazo badala ya pistoni zina rota zinazozunguka, kama 13B ya Mazda RX-7, hazipimwi kwa geji ya kawaida, kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu na kila uso unahitaji usomaji wake. Geji ya kawaida hushika namba kubwa kuliko zote na kuuficha uso mbovu.

Hata vipimo hivi viwili vinaweza kupita salama huku injini ikiwa na kasoro kubwa. Silinda za M96 na za M97 iliyofuata hupata mikwaruzo upande ambao pistoni hujisukumia, na ringi zikaendelea kuziba vya kutosha hata geji isione lolote. Hapo dawa ni kamera ndogo ya kuchungulia inayopitishwa kwenye tundu la plagi, na bora zaidi ikipitishwa pia kutoka chini baada ya kushusha sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Masizi mengi kwenye bomba moja la moshi kuliko jingine, pamoja na mlio mwepesi wa kugonga injini ikiwa na moto, ni dalili za kuifuata kwa kamera.

Kuna shahidi mwingine ambaye nampenda kuliko wote, nayo ni kompyuta ya gari. Kidhibiti cha mizunguko hukata petroli au umeme wa plagi dereva akizidisha kwa pedali, lakini hakina uwezo wowote dereva akikosea gia na kuingiza ya pili badala ya ya nne, kwa sababu wakati huo ni magurudumu yanayoisukuma injini. Kompyuta za Porsche huhifadhi kumbukumbu za mizunguko iliyopita kiasi, na katika 911 ya kizazi cha 997 kumbukumbu hizo zimegawanywa katika ngazi sita pamoja na saa ya injini ambayo tukio la mwisho lilitokea. Ngazi za chini hupatikana hata kwa uendeshaji wa kawaida wa michezo. Ngazi za juu karibu zote ni makosa ya gia, na tukio la zamani lililofuatwa na saa mamia za uendeshaji salama halinitishi kama la juzi. Kompyuta hiyohiyo hutoa jumla ya saa ambazo injini imefanya kazi. Gari lenye kilomita 60,000 na saa 1,500 limetembea kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, jambo linaloingia akilini. Hesabu hiyo ikitoa wastani wa kilomita 12, ama gari limeishi kwenye foleni ama odomita imechezewa.

Mikanda, mipira na sili huzeeka kwa miaka na si kwa kilomita, kwa hiyo gari lililofunikwa turubai kwa muda mrefu si lazima liwe bora. Ferrari F355 huhitaji injini ishushwe ili mikanda ya taimingi ifikiwe, na hapo ndipo wamiliki hushawishika kuahirisha. F430 ilikuja na cheni ikaiondoa hofu hiyo. Kwa injini za turbo zilizoongezwa nguvu kwa programu bila karatasi zinazoonyesha nani alizirekebisha na kwa petroli ya oktani gani, msimamo wangu ni mkali: mimi huondoka. Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama ile V8 ya lita 4.2 ya Audi RS4 ya kizazi cha B7, hurundika masizi kwenye valvu za kuingizia kwa kuwa hakuna petroli inayoziosha. Hili halivunji biashara, ila gharama ya kuyasafisha ipunguzwe kwenye bei.

Gari likishanunuliwa, mimi hubadilisha oili na chujio mara moja bila kujali stika ya muuzaji, kisha naweka sampuli ya kwanza kama msingi wa kulinganishia. Plagi hutolewa na kupangwa kwa mpangilio wa silinda ili rangi zake zisomwe. S54 na F20C ya Honda S2000 zinahitaji pia nafasi za valvu zipimwe na kurekebishwa kwa vipindi, kazi ambayo wamiliki wengi hawajui kwamba ipo. Katika uendeshaji, geji ya maji isikudanganye, kwa sababu maji hutangulia kupata moto na oili hufuata baadaye sana. Mimi sivuki nusu ya mizunguko mpaka oili ikaribie nyuzi 80. Safari fupi zinazoizima injini kabla oili haijakolea moto huacha unyevu na petroli ndani ya sampu, kwa hiyo kama gari halitumiki kila siku, bora litolewe mara chache kwa safari ndefu kuliko kuungurumishwa dakika tano kila wiki mahali lilipoegeshwa. Turbo nazo zipewe mwendo wa upole katika kilomita za mwisho, ili oili isiungulie kwenye shafti yake baada ya kuzimwa.

Sampuli ya pili ya oili, ikichukuliwa baada ya kilomita 5,000 hivi kwa oili ya aina ileile, ndiyo yenye thamani. Namba moja ya shaba au risasi haimwambii mtu mengi, lakini namba hiyo ikipanda kutoka sampuli moja hadi nyingine, sampu ya M3 inaweza kushushwa na beringi za konrodi zikabadilishwa injini ikiwa bado ndani ya gari, kabla krenki haijaguswa.