Urari wa Nafsi Yangu

Kwa miaka kumi na mitatu nimefanya kazi ya uhasibu katika chama cha akiba na mikopo mjini Tanga, na katika muda wote huo sijaondoka ofisini jioni yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba fedha taslimu zilizomo ndani ya sefu zinalingana na kiasi kilichoandikwa kitabuni. Hata hivyo, kwa miaka minane ya mwanzo sikuwahi kuifungia hesabu nafsi yangu hata siku moja. Nilijua hadi shilingi ya mwisho chama kinadai nini na kinadaiwa nini, lakini mtu angeniuliza ninaweza nini, ninaogopa nini na ninathamini nini, ningemjibu kwa maneno niliyoyaokota kwa wengine: dada zangu waliniita mpole, wafanyakazi wenzangu waliniita mkimya, nami niliyapokea yote bila kudai stakabadhi.

Jambo lililonizindua lilitokea mwisho wa mwezi mmoja, tulipokuwa tukiandaa urari, yaani jedwali la kuhakikisha kwamba jumla za pande mbili za vitabu vya hesabu zinalingana. Pande mbili zilikataa kulingana kwa shilingi 27,000. Nilizipitia leja, vitabu vikuu vya hesabu, mara tatu huku feni ikipeperusha karatasi na wenzangu wakifunga mikoba yao kurudi nyumbani, na kadiri saa zilivyosonga ndivyo macho yangu yalivyozidi kupita juu ya tarakimu bila kuzisoma. Kiongozi wangu alitoka chumbani mwake, akasimama nyuma ya kiti changu, akasema mbele ya watu wanne, "Wewe binti, hesabu hazikukai kabisa." Sikumjibu. Kesho yake, saa moja asubuhi, akili ikiwa imetulia, nilikumbuka kanuni ambayo kila mhasibu hufundishwa mapema, kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa bila baki mara nyingi hutokana na tarakimu zilizogeuzwa, na haikupita robo saa kabla sijaona amana ya shilingi 63,000 iliyohamishiwa leja kama 36,000. Kosa lile lilirekebishwa kwa mstari mmoja wa kalamu na saini yangu pembeni. Ile sentensi haikurekebishwa. Niliibeba mwaka mzima. Nilishindwa somo moja la mtihani wa taaluma nikaona ile sentensi imethibitika, nikanyamaza katika vikao ambavyo nilikuwa na la kusema, na nikaacha kuomba nafasi ya juu iliyotangazwa, ingawa sifa zote zilizotajwa nilikuwa nazo.

Mlango wa kutoka humo niliuona mahali nisipopatarajia. Katika darsa la akina mama baada ya swala ya Alasiri, mwalimu wetu alitusomesha juu ya muhasaba, yaani desturi ya mja kuihesabu nafsi yake mwenyewe. Alitaja kauli maarufu inayonasibishwa na Khalifa Umar bin Khattab, kwamba jihesabuni kabla hamjahesabiwa, kisha akatusimulia kuhusu Al-Harith bin Asad, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, ambaye aliitwa Al-Muhasibi kwa sababu ya kushika sana desturi hiyo. Neno lile lilinishika. Hesabu, mhasibu, muhasaba: yote yanatoka katika mzizi mmoja, na mimi niliyekula mkate wa neno hilo kila siku sikuwahi kulielekeza kwangu mwenyewe. Nilipita dukani nikanunua kaunta buku, na usiku ule nikapiga mstari katikati ya ukurasa wa kwanza kama ninavyofanya kazini.

Nakiri kwamba wiki tatu za mwanzo nilikwenda kombo, na nadhani wengi wanaoanza kujitafakari huangukia hapohapo. Nilijaza upande mmoja tu. Niliandika makosa yangu, uvivu wangu, maneno niliyopaswa kuyasema na yale niliyopaswa kuyazuia, nikidhani kwamba huo ndio unyenyekevu. Nililala vibaya kuliko nilipokuwa siandiki kitu. Baadaye nilisoma kazi za mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza tabia ya kulizungusha zungusha jambo moja la huzuni kichwani bila kufika popote, na kuonyesha kwamba watu wenye tabia hiyo hukaa katika sonona kwa muda mrefu zaidi. Neno alilolitumia ndilo linalotumika kwa ng'ombe anayecheua. Ndivyo nilivyokuwa: nilikuwa nikicheua, nikilirudisha mdomoni lilelile la jana na kulitafuna upya, nikaita hali hiyo tafakuri. (Mtu ambaye huzuni imemkalia kwa wiki nyingi, halali wala hali chakula, huyo asitegemee daftari, aende akamwone daktari.)

Kilichoniokoa ni kanuni ya ofisini. Kwetu hakuna ingizo linaloandikwa kitabuni bila hati ya malipo au stakabadhi inayolithibitisha, hata kama aliyeliagiza ni mwenyekiti. Nikaamua kwamba daftari langu nalo litafuata sheria hiyo. Nilirudi kwenye kurasa za nyuma nikakuta nimeandika "mimi ni mzembe," nikajiuliza hati yake iko wapi. Haikuwapo. Kilichokuwapo ni kwamba Jumanne ya wiki ile nilichelewesha taarifa ya mikopo kwa siku mbili kwa sababu niliogopa kumwuliza mwenzangu kuhusu takwimu nisiyoielewa. Hilo lina tarehe, lina mahali, lina sababu, na linaweza kurekebishwa. Uzembe wa jumla haurekebishiki kwa sababu haujulikani ulipo. Nikafuta la kwanza, nikaandika la pili. Sheria ile ikafanya kazi upande wa pili pia, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotushauri tusimame mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia kwamba sisi ni hodari. Nilijaribu. Nafsi yangu ilikataa kusaini, na naona ilikuwa na haki kukataa, kwa sababu sifa isiyo na ushahidi haitofautiani na lawama isiyo na ushahidi.

Lakini kuna kosa moja ambalo urari haulifichui. Tarakimu ikigeuzwa upande mmoja, pande mbili zitapishana nawe utajua. Muamala ukisahauliwa kabisa, usiandikwe upande wowote, urari utalingana vizuri sana, na utafunga hesabu ukiwa na amani ilhali kitabu kina upungufu. Niligundua kwamba maisha yangu yalijaa makosa ya namna hiyo. Mambo niliyoyafanya vizuri sikuyapunguza thamani; sikuyaandika kabisa. Kazini, miamala iliyosahauliwa hupatikana tunapofanya usuluhishi wa hesabu za benki, tunapochukua taarifa iliyotoka benki na kuiweka kando ya kitabu chetu ili tuone wenzetu wameandika nini ambacho sisi hatuna. Kwa hiyo niliwaendea watu watatu ninaowaamini, mama yangu mkubwa, rafiki niliyesoma naye sekondari na mlinzi wetu wa zamu ya mchana, nikawaomba kila mmoja anieleze jambo moja aliloliona kwa macho yake ambalo mimi hulifanya bila kulijua.

Mlinzi ndiye aliyeniacha bila maneno. Alisema, "Dada, yule shangazi muuza samaki haendi dirisha lingine. Hata kama kwako kuna foleni na kwingine hakuna mtu, anakaa kwenye benchi anakusubiri." Nilidhani ni mazoea tu. Mlinzi akaniambia alikwisha kumwuliza, naye akajibu kwamba mimi humgeuzia kitabu chake cha akiba kimwelekee yeye, nikaweka kidole chini ya salio na kulisoma mara mbili polepole, kwa hiyo huondoka akiwa anajua ana kiasi gani. Kweli, ndivyo ninavyofanya. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka, kwa kila mwanachama mwenye taabu ya kusoma, na katika kurasa zote za daftari langu hapakuwa na herufi moja juu yake. Mtu anayeambiwa kwamba hesabu hazimkai ndiye aliyekuwa akizifanya hesabu ziwakae wengine.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harry Ingham, walichora dirisha la vyumba vinne kuonyesha kwamba yapo mambo ambayo mtu anayajua kuhusu nafsi yake na wengine wanayajua, yapo anayoyajua peke yake, yapo wanayoyajua wengine ilhali yeye hayajui, na yapo yasiyojulikana na yeyote. Waliliita Johari kwa kuunganisha majina yao ya kwanza. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumebahatika kulipokea jina hilo likiwa na maana nyingine kabisa, na kila nikilitaja humkumbuka mlinzi aliyenichimbulia johari yangu akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki langoni.

Bado ile sentensi ya kiongozi wangu ilikuwa haijang'oka. Nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 1986 na James Pennebaker pamoja na Sandra Beall, ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika kumi na tano, siku nne mfululizo, juu ya tukio lililowaumiza zaidi maishani. Mara tu baada ya kuandika, walioeleza tukio na hisia zao kwa pamoja walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nikaamua kujitengea usiku nne. Usiku wa kwanza nililia, na laiti nisingalijua kwamba hali hiyo inatarajiwa ningaliacha. Usiku wa pili niliandika kwa hasira. Usiku wa tatu kalamu ilinipeleka Pangani, nikiwa na miaka tisa, nimetumwa dukani sukari na mafuta ya taa na kurudi na chenji pungufu ya shilingi hamsini. Na baba yangu mdogo, mbele ya wageni waliokuwa barazani, akasema kwamba mtoto huyu hesabu hazitamkaa. Maneno karibu yaleyale. Niliweka kalamu chini.

Kila mhasibu anajua kwamba salio la kuanzia likiwa na kosa, unaweza kuandika miamala ya mwaka mzima kwa uaminifu kamili na bado usifike mahali sahihi, kwa sababu kila ukurasa mpya unarithi kosa la ule uliotangulia. Kiongozi wangu hakuniandikia chochote kipya siku ile. Alisoma kwa sauti tarakimu iliyokuwa imekaa juu ya ukurasa wangu tangu utotoni, na ndiyo maana niliiamini upesi hivyo. Usiku wa nne nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Nilimwandikia yule mtoto wa miaka tisa kama mtu mzima anavyomwandikia mwanawe, nikimwita kwa jina lake, na nikamweleza kwamba huenda muuza duka alikosea, au huenda sarafu ilianguka njiani kwenye mchanga, na kwamba shilingi hamsini hazitoshi kuhukumu akili ya binadamu. Baba mdogo alikwisha kufariki. Simlaumu, kwani najua naye alilelewa kwa maneno ya namna hiyo. Ila tarakimu yake nimeifuta, nikaweka saini pembeni.

Kuhusu mtihani, nilifaidika na maandishi ya William James, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1890 alieleza kujithamini kwa mfano wa sehemu: mafanikio yakiwa juu, matarajio yakiwa chini ya mstari. Alijitolea mfano mwenyewe, kwamba kwa kuwa alikuwa ameweka maisha yake yote katika saikolojia, aliumia kuona wengine wakimzidi katika fani hiyo, ilhali kutojua Kigiriki hakukumsumbua hata kidogo. Nilipoyaandika matarajio yangu kwa orodha, nilikuta karibu nusu yake hayakuwa yangu: yalikuwa ya shangazi zangu, ya majirani, ya binamu yangu aliyeko Dar es Salaam. Hayo niliyaondoa. Hamu ya kufaulu lile somo niliiacha palepale kwa sababu ni yangu kweli, nikarudia mtihani, nikafaulu kwa alama za kawaida.

Siku hizi daftari ni la tano. Ninaandika baada ya Isha, si zaidi ya dakika kumi na tano, na zipo siku ninazoandika mstari mmoja tu. Kazini tunayo akaunti ya muda, ambamo tunaegesha kiasi ambacho bado hatujajua mahali pake, nami nina ukurasa kama huo mwishoni mwa daftari. Wiki iliyopita niliingiza humo jambo moja: katika kikao cha Jumatatu, mwenzangu alipowasilisha kazi yangu kama yake, nilinyamaza. Je, ulikuwa ule woga wa zamani, au nilinyamaza kwa sababu nimefika mahali ambapo sihitaji kila mtu ajue? Nimelipitia usiku tatu na ushahidi uko pande zote mbili. Jana, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mwezi, nililiandika tena juu ya ukurasa mpya, pamoja na tarehe yake ya asili, na mbele yake nikaandika kama tunavyoandika ofisini: salio limepelekwa mbele.