Mkojo Unapopungua Siku ya Pili

Majeruhi akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, ndugu hupumua. Mimi huogopa zaidi siku ya pili na ya tatu. Damu imeshasimama, paja limefungwa vyuma, mashine inampumulia, kisha mkojo unaanza kupungua.

Kwa mtu mzima wa kilo 70, chini ya mililita 35 kwa saa ni dalili ya kutafutiwa sababu. Mazoea ni kutundika dripu nyingine. Lakini huyu huenda ameshapokea lita nyingi za maji na damu, na sehemu kubwa imevuja nje ya mishipa ikavimbisha utumbo. Tumbo likikaza, figo hubanwa, mapafu husukumwa juu, na mashine huanza kulia kwa presha. Hapo dripu inazidisha ugonjwa.

Kubonyeza tumbo kwa mkono hakutoshi. Presha ya tumbo hupimwa kupitia kibofu: mgonjwa alale chali kabisa, bana mpira wa mkojo, ingiza salaini isiyozidi mililita 25, weka sifuri ya kipimo kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa, pale unapofika ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, subiri nusu dakika hadi dakika nzima, usome mwisho wa kutoa pumzi. Akikohoa au akijikaza, namba ni ya uongo. Salaini nyingi pia huipandisha, na vilevile kichwa kilichoinuliwa. (Kichwa tunakiinua nyuzi 30 hadi 45 kuzuia nimonia ya mashine, kwa hiyo kishushe, pima, kirudishe. Wengi husahau kukirudisha.) Kuanzia milimita 12 za zebaki (mmHg) presha imepanda. Ikizidi 20 na kubaki hapo, huku kiungo kingine kikianza kushindwa, aitwe daktari wa upasuaji. Akiwa njiani, toa hewa na uchafu wa tumboni kwa mpira wa puani, ongeza dawa ya usingizi ili misuli ilegee, punguza maji.

Sasa geuza shilingi. Mwingine alilaliwa na gari, misuli ikapondeka, na mkojo wake mchache una rangi ya chai ya rangi. Kijiti cha kupimia kinaonyesha damu, hadubini haioni chembe nyekundu: hiyo ni protini ya misuli inayoziba figo. Huyu anataka maji mengi, mpaka mkojo ufike mililita 200 hadi 300 kwa saa, na yasiwe na potasiamu. Potasiamu inayomwagika kutoka kwenye misuli hiyo huua kabla figo hazijafa. Mawimbi ya T yakichongoka kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 polepole, hulinda moyo lakini haishushi potasiamu hata kidogo. Inayoishusha ni insulini yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25.

Dalili moja, tiba zinazopingana. Ndiyo maana namba ya mkojo peke yake siiamini hata siku moja. Na kama misuli bado inaoza ndani ya mguu uliokaza, maji yote hayo ni bure: mguu upasuliwe kupunguza presha, wala usisubiri mapigo ya unyayoni yapotee, maana hupotea mwisho.

Mgonjwa akianza kuamka, mvue nguo na umkague upya, kidole kwa kidole. Kiganja kilichovunjika hakiulizwi wakati moyo unataka kusimama, na mtu aliyelazwa usingizi hawezi kukitaja.