Nilivyofaulu kuangua mayai ya mjusi wa buluu wa Kimboza

Jike la mjusi wa buluu, Lygodactylus williamsi, hutaga mayai mawili kwa mkupuo, kila moja na ukubwa wa punje ya pilipili manga. Yai likitoka lina ute unaonata. Likishakauka limeganda kwenye ukuta wa kizimba, na ukijaribu kulibandua hata kwa kijiti chembamba, linapasuka. Mayai mengi hupotea hapo. Mimi siyabandui kabisa. Nasimamisha wima vipande vya mwanzi mkavu vya sentimita 15, vyenye tundu la sentimita 1.5, kwa sababu porini mijusi hawa huishi katikati ya majani ya mkadi na hupenda kujibana. Nikiona mayai ndani, natoa kipande kizima na kuweka kingine mahali pake.

Mwanzi ule naulaza kwenye kopo la plastiki lenye matundu machache kifunikoni, na kando yake kikombe kidogo cha maji. Yai lisilowe wala lisigusane na udongo mbichi, maana ukungu huanzia hapo. Mchana nashikilia nyuzijoto 26, usiku naacha zishuke hadi 22. Vitoto hutoka baada ya miezi miwili hadi mitatu. Joto likipita 29 huwahi kutoka, ila wanatoka wadogo na wanyonge. Andika tarehe juu ya mwanzi kwa kalamu ya wino usiofutika. Bila hivyo utatupa mayai mazima ukidhani yameharibika.

Yai zima hutokana na jike aliyeshiba kalsiamu. Mtazame shingoni: vifuko viwili vyeupe vilivyotuna kidogo ni akiba yake. Vikinywea, mpumzishe mbali na dume. Nzi wa matunda wasioruka na nyenje wachanga nawatikisa ndani ya unga wa kalsiamu kila mlo, na mara moja kwa wiki unga wenye vitamini D3. Naacha pia kijisahani cha mfupa wa ngisi uliosagwa. Majike huulamba wenyewe.

Halafu taa. Mjusi huyu ni wa mchana na anahitaji miale ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Kosa ninaloliona sana ni kuiweka taa juu ya kifuniko cha kioo, ambacho huizuia miale hiyo karibu yote. Kifuniko kiwe cha wavu wa chuma, tundu lisizidi milimita 1, na taa iwe sentimita 20 hadi 25 juu ya tawi la kuotea joto, ambalo liwe na nyuzijoto 31 hivi. Kwa dume mmoja na jike mmoja natumia kizimba cha sentimita 30 kwa 30 kwa 45. Huku Ujerumani vipasha joto vya majira ya baridi hukausha hewa mno, kwa hiyo nanyunyiza maji asubuhi na tena taa zinapozimwa. Katikati ya mchana kizimba kikauke. Kikibaki chepechepe siku nzima, ngozi ya mjusi huharibika.

Wangu wote wamezaliwa kizimbani na wana vyeti. Tangu Januari 2017 mjusi huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini; hiyo ndiyo orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote. Makao yake ya asili ni misitu michache sana chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, hasa Kimboza, na wakamataji walikuwa wakikata mikadi mizima ili kuwafikia. Mkadi ukianguka, dume na majike yake wamekosa nyumba, hata wale ambao hawakukamatwa. Usimnunue asiye na karatasi, hata kwa bei ya bure.

Vitoto ni vyembamba kama njiti ya kiberiti. Natenganisha kila kimoja kwenye kisanduku chake, kwa sababu wakubwa huweza kuwala na wenyewe kwa wenyewe hunyang'anyana chakula. Chakula cha wiki za kwanza ni kolembola, vijidudu vidogo sana vya udongoni, na nzi wa matunda wadogo kabisa, kila siku.

Wakikua, usiamini rangi peke yake. Dume aliyekomaa ni buluu na koo jeusi, jike ni kijani cha shaba, lakini dume anayetishwa na mwenzake huweza kubaki kijani kwa muda mrefu. Namsubiri apande kioo, namulika kwa tochi kutoka nje: dume ana mstari wa vitundu mbele ya tundu la haja, na vivimbe viwili kwenye shina la mkia.